Usaili wa Kazi ya Programu Unaanzia Dukani

Mada ya Kamati ya Elimu na Ajira, iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama

  

 Miaka yote mada za harambee yetu zimekuwa madawati, vyoo vya shule, maji na zahanati. Leo kamati imeomba kusemea jambo jipya kidogo: vijana wetu waliosoma kompyuta, na namna ya kuwaandaa kwa usaili wa kazi ya uhandisi wa programu kwenye kampuni kubwa za maduka. Tunajua wapo waliosoma ratiba asubuhi wakaulizana, "Supamaketi na sisi wapi na wapi?" Tunaomba mtuvumilie, tutafika.

Sisi tunaosimama hapa ni watu wa hesabu. Kazi yetu ni vitabu, risiti na kodi. Ila kwa kazi hiyo tumekaa karibu sana na wanaotengeneza mifumo ya mauzo, na baadhi yetu tumeketi upande wa pili wa meza wakati wa usaili. Tulichokiona ndicho tunachokileta. Kijana anaweza kuwa na cheti kizuri kutoka UDOM, DIT au kile chuo cha TEHAMA cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, na bado akatoka usailini mikono mitupu. Akili anayo. Kilichomkosesha ni kwamba hajawahi kufanya mazoezi ya kufikiri kwa sauti mbele ya mtu, na hajawahi kuunganisha programu anazoandika na biashara anayoombea kazi. Yote mawili yanafundishika.

Duka lina kazi gani na mwandika programu?

Wazee wetu mtakumbuka duka la zamani: mwenye duka, daftari la mkopo, mzani na kichwa chake. Bei zote alikuwa nazo kichwani. Duka kubwa haliwezi kwenda hivyo. Lina bidhaa maelfu kwa maelfu, matawi mengi, keshia kumi kwa wakati mmoja, na wateja wanaolipa kwa fedha taslimu, kadi na simu.

Mabadiliko yalianza na ile mistari myeusi kwenye pakiti, barikodi. Tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, keshia alipitisha pakiti ya jojo ya Wrigley's juu ya mashine, na bei ikasomwa yenyewe. Huo ndio mwanzo wa barikodi hii kutumika dukani. Hapa kwetu, tangu 2010 zimekuwapo mashine za EFD za kutoa risiti za kodi, na baadaye malipo kwa simu yakaingia kila kona. Leo nyuma ya keshia mmoja kuna programu ya bei, ya stoo, ya malipo, ya kodi na ya kuagiza mzigo mpya. Ikikosea mojawapo, duka linapoteza fedha au mteja anadhulumiwa. Ndiyo maana kampuni hizi zinaajiri wahandisi wa programu, na ndiyo maana zinawauliza maswali magumu.

Maduka huja na kuondoka

Kabla hatujaenda mbali, tuseme ukweli mmoja ili mtu asitudhanie tunauza ndoto. Maduka makubwa hayajatulia hapa nchini. Shoprite ya Afrika Kusini ilipoondoka mwaka 2014, maduka yake yalichukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ikazidiwa na madeni, na Januari 2018 mahakama ya Kenya ikaiweka chini ya msimamizi. Jumia, duka la mtandaoni, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Game la Mlimani City, ambalo kampuni mama yake Massmart iko chini ya Walmart ya Marekani tangu 2011, nalo limefungwa.

Sasa kijana atauliza: kama wote hao wameondoka, najiandaa kwa nani? Jibu letu ni kwamba ajiandae kwa kazi yenyewe, asijiandae kwa jina la kampuni. Jina huondoka, kazi hubaki. Hesabu za stoo za Nakumatt hazikuwa na tofauti kubwa na hesabu za stoo za Carrefour, iliyofungua Kenya mwaka 2016 chini ya kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Aliyejiandaa vizuri kwa duka anaweza kufanya kazi benki, kampuni ya simu, bohari ya dawa au AMCOS ya ufuta, kwa sababu kote huko kuna mzigo unaoingia, mzigo unaotoka, na fedha inayotakiwa kulingana.

Usaili wenyewe ukoje?

Vijana wetu wengi wamezoea usaili wa aina moja: unaitwa, unakaa mbele ya watu watano, unaulizwa jina, elimu na kwa nini unaitaka kazi hii. Kampuni kubwa za maduka hupitisha mwombaji hatua kadhaa, na kila hatua ina maandalizi yake.

Hatua ya kwanza ni wasifu. Ukurasa mmoja, au miwili kwa mwenye uzoefu. Usiandike tu kwamba unajua lugha fulani ya programu. Andika umetengeneza nini, kwa nani, na kilisaidia nini.

Hatua ya pili, mara nyingi, ni mtihani wa kuandika programu kupitia intaneti, wenye muda maalumu. Ukishaanza, saa inakimbia. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, hakuna wa kumlilia. Hapa ndipo mtoto wa kijijini anapopoteza nafasi ambayo mtoto wa Mikocheni hawezi kuipoteza kwa sababu hiyo.

Hatua ya tatu ni mahojiano ya kiufundi. Mhandisi anakupa swali na kukutazama unavyolitatua, ubaoni au kwenye skrini mnayoiona wote wawili. Kwa waliokwisha kufanya kazi huongezwa swali la kusanifu mfumo mzima, mfano: "Ungetengenezaje mfumo wa stoo wa matawi 50?"

Hatua ya nne ni maswali ya tabia na uzoefu. Amazon, iliyoanzishwa 1994 kama duka la vitabu mtandaoni, imechapisha hadharani misingi 16 ya uongozi inayoitumia kupima waombaji, na inawashauri wapange majibu yao kwa mtiririko wa mambo manne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulichukua hatua gani, matokeo yakawaje. Hata asiyeomba Amazon, mtiririko huu utamfaa.

Maswali matano ya kufanyia mazoezi

Ndugu Mwenyekiti, tumeona tusiishie kwenye maneno ya jumla. Tumechagua maswali matano ambayo kijana anaweza kuanza nayo leo, mengine kwa karatasi na kalamu tu.

La kwanza ni kutafuta bei. Duka lina bidhaa 1,000,000 kwenye orodha iliyopangwa kwa namba. Ukitafuta moja kwa moja kutoka juu, unaweza kupita milioni nzima. Ukifanya kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi, unafungua katikati, unatupa nusu isiyohusika, unafungua tena katikati ya iliyobaki. Hatua zisizozidi 20 zinatosha, kwa sababu 2 ikizidishwa yenyewe mara 20 inapita milioni moja. Msaili anataka kusikia hesabu hiyo ikitoka kinywani mwako. Jibu peke yake halimtoshi.

La pili ni barikodi yenyewe. Chukua pakiti yoyote yenye namba 13. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi: inahakikisha hizo nyingine hazikusomwa vibaya. Namba zilizosajiliwa Tanzania zinaanza na 620. Tuchukue mfano wa kubuni, 620123456789, tutafute mlinzi wake. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6, 0, 2, 4, 6 na 8 ni 26. Jumlisha zilizobaki: 2, 1, 3, 5, 7 na 9 ni 27, kisha zidisha kwa 3, unapata 81. Jumla ni 107. Ili kufika 110 panahitajika 3, basi 3 ndiyo tarakimu ya mwisho. Andika programu ya mistari michache inayofanya hivyo, kisha ijaribu kwa pakiti za duka la jirani. Hilo ni zoezi la jioni moja, na ni la kweli kabisa.

La tatu ni letu sisi wahasibu: kodi. Bei ya rafuni ni shilingi 11,800 na ndani yake mna VAT ya asilimia 18. Kodi ni kiasi gani? Wengi hukimbilia asilimia 18 ya 11,800, wanapata 2,124. Hapana. Bei hiyo ni asilimia 118 ya bei halisi, kwa hiyo unagawanya kwa 118 na kuzidisha kwa 18, unapata 1,800. Tofauti ni shilingi 324 kwa risiti moja. Kwa risiti 10,000 za namna hiyo ni shilingi 3,240,000. Programu iliyoandikwa vibaya haikosei mara moja, inakosea kila risiti.

Kwenye fedha kuna mtego mwingine. Kompyuta nyingi ukiziambia zijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia ya kawaida ya desimali hazikupi 0.3 kamili, zinakupa 0.30000000000000004. Ni kwa sababu zinahesabu kwa mfumo wa mbili, ambao hauwezi kuandika sehemu ya kumi kwa ukamilifu. Mwandika programu makini hutunza fedha kwa namba kamili za senti, au kwa aina maalumu ya desimali. Ukilisema hili usailini bila kuulizwa, msaili atajua umewahi kuifikiria fedha ya watu.

La nne ni wateja wawili na kipande kimoja. Kimebaki kilo moja ya sukari kwenye stoo ya mtandaoni. Watu wawili, mmoja Tanga na mmoja Dodoma, wanabonyeza "nunua" sekunde ile ile. Programu ya kizembe inamwuliza kila mmoja, "ipo?", inajibu "ipo", kisha inawauzia wote wawili. Suluhisho ni kuhakikisha kuangalia na kupunguza vinafanyika kama tendo moja lisiloingiliwa. Aliyewahi kukaa duka moja na mdogo wake, kila mmoja akahudumia dirisha lake, tatizo hili analijua tangu utotoni. Alikuwa tu hajapewa jina lake.

La tano ni mtandao kukatika, na hapa sisi watu wa barabara ya Morogoro ni mabingwa. Mteja amelipa kwa simu, fedha imetoka kwake, ujumbe haujafika dukani, mtandao umeondoka. Keshia anamwambia, "lipa tena". Programu ifanyeje ili mteja asikatwe mara mbili? Kila malipo yapewe namba yake ya pekee tangu mwanzo. Ombi likirudiwa kwa namba ile ile, mfumo utambue kwamba ni lile lile na usikate tena. Na mashine ya keshia iweze kuendelea kuuza bila intaneti, ikitunza kumbukumbu zake na kuzipeleka mtandao ukirudi. Mhandisi aliyekulia pasipokatika mtandao lazima afundishwe kulifikiria hili. Vijana wetu wanaliishi.

Kufikiri kwa sauti

Malezi yetu yamefundisha heshima: mbele ya mkubwa, nyamaza, sikiliza, jibu ukiulizwa. Ni malezi mema na hatutaki yapotee. Ila usailini ukinyamaza dakika kumi ukiandika, msaili hajui kama unafikiri au umekwama. Basi tunawaomba vijana watenganishe mambo mawili. Heshima iko kwenye salamu, kwenye kusikiliza swali mpaka mwisho, na kwenye kutomkata mtu kauli. Kueleza unachofikiri ni sehemu ya kazi yenyewe. Sema: "Kwanza nitauliza, je, bei zote zina VAT? Kisha nitajaribu njia rahisi. Ina udhaifu huu. Nitaiboresha hivi." Na usipojua, sema hujui, kisha eleza ungeanza kutafuta wapi.

Lugha nayo. Mahojiano mengi ya kiufundi hufanywa kwa Kiingereza. Hatuna haja ya Kiingereza cha redioni, tunahitaji cha kueleza hatua kwa hatua. Njia ya mazoezi ni nyepesi: eleza kwanza kwa Kiswahili mpaka mama yako aelewe, halafu eleza kwa Kiingereza mpaka mwenzako aelewe. Ukishindwa kwa Kiswahili, tatizo halipo kwenye lugha.

Kwa maswali ya uzoefu, kila kijana aandike visa vinne vya maisha yake. Wengi wanadhani hawana. Wewe uliyeuza mahindi ya kuchoma au machungwa kwa abiria wa mabasi pale Chalinze, ukajua saa gani mabasi ya Arusha yanapita na ubebe kiasi gani kisibaki, umefanya makisio ya mahitaji. Wewe uliyemsaidia mjomba kuandika mizigo ya ufuta kwenye ghala la ushirika, ukagundua kilo za mzani hazilingani na kilo za daftari, umefanya upatanisho wa hesabu. Vieleze kwa ule mtiririko wa mambo manne, bila kutia chumvi. Msaili akichimba, kisa cha kweli kinazidi kuwa na maelezo. Cha uongo kinakauka.

Onyo moja kwa wazazi. Mwajiri wa kweli haombi "hela ya fomu", "hela ya vipimo" wala "ya kumtoa mtu wa ndani". Akikupigia mtu anayekuambia kazi ya mwanao ipo, tuma kwanza kitu kidogo, kata simu, njoo kwa kamati.

Tunachoomba leo

Ndugu Mwenyekiti, tumesikia hoja ya baadhi ya wanachama: madawati hayajatosha, mbona tunafikiria laptopu? Ni hoja ya haki na tunaijibu kama wahasibu. Mfuko huu utakuwa na daftari lake na akaunti yake. Hautagusa shilingi hata moja ya madawati wala vyoo. Anayetaka kuchangia madawati achangie madawati, anayetaka kuchangia vijana aandike hivyo kwenye kadi yake. Ila tusisahau kwamba hawa wanaotafuta kazi leo ndio waliokalia madawati tuliyoyachangia jana. Tumewabeba kutoka darasa la kwanza mpaka chuo, na wengi wamekwama hatua ya mwisho kwa kukosa nauli, bando na mtu wa kuwauliza maswali.

Mpango ni mdogo na unapimika. Tutachukua vijana 12, wa kike na wa kiume kwa idadi sawa, kwa Jumamosi 8. Tunahitaji laptopu 4 zitakazobaki mali ya chama, bando la intaneti, betri ya akiba kwa siku ya mtihani, chakula cha mchana, na nauli ya kwenda kwenye usaili kwa atakayeitwa. Kila Jumamosi vijana watasimama ubaoni kwa zamu mbele ya wenzao, kila mmoja atatue swali kwa sauti, na mwanachama mmoja mwenye fani atakaa kama msaili. Waalimu hawatalipwa. Tumeshajiandikisha baadhi yetu, na tunaomba wengine: mhandisi, mwalimu wa Kiingereza, mwenye duka, hata keshia. Keshia atawafundisha kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Makisio kamili yamo kwenye bajeti mliyogawiwa, na risiti zote zitabandikwa kwenye taarifa ya mwakani.

Masharti kwa watakaofaidika ni mawili. Atakayepata kazi atarudi Jumamosi mbili kwa mwaka kukaa kiti cha msaili. Atakayekosa ataandika maswali yote anayoyakumbuka na kuyaleta, tuyaweke kwenye daftari la chama, ili anayemfuata aanzie alipoishia yeye.

Hatuahidi ajira. Asiyekuwa mwajiri hawezi kuiahidi, na akiiahidi anawadanganya. Tunachoahidi ni kwamba kijana wa Ubena akiitwa kwenye usaili, hatakosa kwa sababu ya nauli, hatakosa kwa sababu bando limeisha, na hatakuwa anasimama ubaoni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hayo yako ndani ya uwezo wetu sisi tuliokaa hapa.

Ndugu Mwenyekiti, kadi za ahadi ziko meza ya mhazini, na kitabu cha waalimu wa kujitolea kiko pembeni yake. Tunaomba vyote viwili visirudi vitupu.